Ukitoboa Ukuta, Uzibe Kabla Jua Halijatua

Hivi karibuni nilikwenda Pemba kumjulia hali shangazi yangu, ambaye amekaa kwa miaka mingi katika nyumba ya ghorofa huko Madungu, mjini Chake Chake. Baada ya sala ya Isha tulikuwa tumeketi sebuleni tukizungumza habari za jamaa, mara ikanijia harufu ya wali wa nazi ulioshika moto. Nilidhani tumesahau chungu jikoni. Nikainuka mbio, lakini nilipofika nikakuta jiko limezimwa, na vyombo vimeoshwa na kufunikwa.

Shangazi akacheka. "Tulia, mwanangu," aliniambia. "Huo ni wali wa jirani wa chini. Tangu mafundi walipobadilisha mabomba, kila akipikacho yeye, sisi huku juu tunakijua."

Alinichukua hadi nyuma ya kabati la vyombo akanionyesha. Bomba la zamani la chuma lilikuwa limekatwa na kuondolewa, na bomba jipya likapitishwa mahali pengine. Pale lilipokuwa bomba la zamani pamebaki tundu la kuingia dafu zima, limetoboka kutoka sakafu yetu hadi dari ya jirani. Ndani yake fundi alikuwa amesokomeza karatasi za mfuko wa saruji. "Alisema atarudi kuliziba," shangazi alieleza. "Hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani."

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Nilikuwa nikijiuliza swali moja: ikiwa harufu ya wali inapita pale kwa urahisi namna hii, je, siku jirani atakapoteleza na jiko lake likawaka, ni kitu gani kitakachopita?

Ndiyo maana leo nimeona tuzungumze juu ya jambo hili. Watu wengi mijini wanatengeneza nyumba zao. Wanabadilisha mabomba yaliyooza, wanaongeza nyaya za umeme, wanapachika dari mpya, wanahamisha milango. Matengenezo ni jambo jema na la lazima. Lakini kila patokeapo matengenezo, ukuta hutobolewa. Na kila ukuta utobolewapo, ulinzi fulani wa jengo huondolewa, hata kama mwenye nyumba hakujua kwamba ulikuwapo.

UKUTA UNA KAZI MBILI

Sisi tumezoea kuuona ukuta kama kitu cha kutenga chumba na chumba, kuzuia upepo na kutusitiri na macho ya watu. Katika nyumba ya ghorofa ukuta una kazi nyingine kubwa zaidi. Jengo la ghorofa ni mfano wa masanduku yaliyopangwa moja juu ya jingine. Sakafu ya zege, kuta za tofali, na milango inayotenga nyumba na ngazi, vyote vimewekwa ili moto ukizuka katika sanduku moja ubaki humo humo kwa muda, watu wa masanduku mengine wapate kutoka, na wazimamoto wapate kufika.

Wazee wetu walioishi katika nyumba za udongo na makuti walijua kwamba paa likishika moto halina msalie mtume. Dawa ilikuwa ni kutoka mbio, na mlango ulikuwa hatua chache tu. Aishiye ghorofa ya tatu hana mlango wa kutokea nje kwa hatua chache. Ana ngazi, na ngazi hiyo ni ya watu wote. Kwa hiyo uhai wake unategemea sakafu na kuta zisizo na matundu, pamoja na ngazi isiyo na moshi. Nyumba za ghorofa zilizojengwa Visiwani baada ya Mapinduzi ya 1964, kama zile za Michenzani kule Unguja, zimezeeka kiasi cha kuhitaji mafundi mara kwa mara, na katika kila jengo la umri huo kila fundi apitaye huweza kuacha alama yake.

MOSHI HUTANGULIA

Watu wengi wanaogopa ndimi za moto. Kwa kweli katika moto wa majumbani, aghalabu mwuaji ni moshi, tena huua kabla moto haujafika. Ndani ya moshi mna gesi iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu akiivuta, damu yake hukosa nafasi ya kubeba hewa njema. Hulegea, akachanganyikiwa, akaanguka. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Magodoro ya sponji na vitu vya plastiki vikiungua huongeza sumu nyingine kali juu ya hiyo.

Moshi wa moto hupanda, kwa kuwa hewa yenye joto ni nyepesi. Unatafuta kila upenyo: kando ya bomba, penye waya, juu ya dari, chini ya mlango. Tarehe 21 Novemba, 1980, moto ulizuka katika mkahawa uliokuwa sehemu ya chini ya hoteli ya MGM Grand mjini Las Vegas, nchini Marekani. Ndimi za moto hazikufika ghorofa za juu. Hata hivyo watu 85 walikufa, na wengi wao walikutwa huko huko juu, mbali na moto wenyewe. Moshi ulikuwa umepanda kwa njia za lifti, kwa ngazi na kwa mianya ya jengo, ukawakuta vyumbani mwao.

TUNDU HALISAHAU

Ndugu msomaji, pengine utasema kwamba tundu la kupitisha bomba ni jambo dogo. Naomba unisikilize kisa cha jengo la Lakanal House, lililoko kusini ya London, Uingereza. Ni jengo la ghorofa 14 walimoishi watu wa kawaida, wapangaji wa halmashauri. Katika miaka ya 1980 jengo hilo lilifanyiwa matengenezo. Katika kazi hizo, vizuizi vya moto vilivyokuwa vinatenga nyumba za wapangaji na ukumbi wa kupitia viliondolewa, na havikurudishwa. Hakuna aliyeona. Rangi ilipakwa, dari zikafunikwa, watu wakaendelea na maisha yao kwa zaidi ya miaka 20.

Tarehe 3 Julai, 2009, televisheni moja ilishika moto katika ghorofa ya 9. Vibao vilivyokuwa chini ya madirisha upande wa nje viliungua kwa dakika chache tu, moto ukapanda. Na ndani ya jengo moshi ukapita pale ambapo usingepaswa kupita. Watu 6 walikufa, wanawake 3 na watoto 3, mmoja wao akiwa kichanga cha majuma machache. Wote sita walikuwa ghorofa ya 11. Uchunguzi uliomalizika mwaka 2013 ulieleza wazi habari ya vizuizi vile vilivyoondolewa, na kwamba wakaguzi walikuwa hawakuligundua kosa hilo.

Hebu tulitafakari jambo hili. Fundi aliyeondoa vizuizi vile huenda alikuwa amekwisha staafu. Kichanga kilichokufa kilikuwa hakijazaliwa, wala labda mama yake hakuwa amefikiriwa kuolewa, siku tundu lile lilipoachwa wazi. Fundi husahau, mwenye nyumba husahau, lakini tundu halisahau. Linangoja pale pale lilipoachwa.

Dunia haikujifunza upesi. Tarehe 14 Juni, 2017, katika mji huo huo wa London, moto ulioanzia kwenye friji katika ghorofa ya 4 uliteketeza jengo la Grenfell Tower, na watu 72 wakapoteza maisha. Jengo hilo lilikuwa limemaliza kutengenezwa mwaka mmoja tu uliotangulia. Lilikuwa limevishwa vibao vipya vya nje vinavyoshika moto, vizuizi vilivyopaswa kukatisha moto nyuma ya vibao hivyo vilikuwa na kasoro, na baadhi ya milango ya nyumba haikuwa ikijifunga yenyewe. Na mwezi Novemba, 2025, huko Hong Kong, majengo saba ya mtaa wa Wang Fuk Court yalishika moto yakiwa bado mikononi mwa mafundi. Madirisha yalikuwa yamefunikwa kwa vibao vya povu la plastiki ili yasiharibiwe na kazi, na kengele za hatari hazikulia ipasavyo. Walikufa watu zaidi ya 150.

Katika visa hivi vyote hapana hata kimoja ambamo watu walikusudia ubaya. Walikusudia kuboresha nyumba. Waliziondoa kinga za zamani, au wakaleta vitu vipya, bila ya wahusika kulizingatia swali hili: je, moto ukija leo usiku, utazuiwa na nini?

MAMBO YA KUFANYA

Tuyatazame sasa yale yaliyo katika uwezo wetu sisi wapangaji na wenye nyumba. Mengi hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kabla fundi hajainua tindo na nyundo, kaa naye mzunguke nyumba. Muulize atatoboa wapi, kwa ajili ya nini, na ataziba kwa kitu gani. Andikeni katika daftari. Kama jengo lina kamati, kamati ijulishwe. Na kama ni jengo la Serikali, taarifa ifike kwa wanaolisimamia kabla kazi haijaanza. Kwa kazi kubwa, usione haya kuomba ushauri wa Kikosi cha Zimamoto na Uokozi. Kazi ya watu hao si kuzima tu. Ushauri wa kuzuia moto ni sehemu ya kazi yao pia.

Pili, tundu lililofunguliwa leo lizibwe leo. Fundi akisema bado ana waya mwingine wa kupitisha kesho, na azibe kwa muda kwa kitu kisichoungua, kesho afungue tena. Moto hauulizi kazi imefikia wapi, na watu hulala ndani ya jengo usiku huo huo.

Tatu, angalia kinachozibia. Katika ukuta wa tofali au sakafu ya zege, mchanganyiko wa saruji na mchanga, ukijazwa mpaka ndani na si kupakwa juu juu, hufanya kazi nzuri. Karatasi, matambara, mabaki ya mbao na magunia ni kuni, si vizibo. Povu la kunyunyizia lililo la kawaida, ambalo mafundi wengi hulipenda kwa kuwa hujaza tundu kwa dakika moja, nalo huungua. Lipo la aina maalumu lililotengenezwa kustahimili moto, nalo hutumika pale tu penye kufaa. Soma maandishi ya kopo kabla ya kununua. Vibao vya jipsamu ni msaada mwema, kwa sababu katika uzito wao, takriban sehemu moja ya tano ni maji yaliyofungamana ndani yake, na maji hayo huuchelewesha moto.

Nne, jihadhari na mabomba ya plastiki. Bomba la chuma likipita ukutani na kuzibwa vizuri hubaki mahali pake. Bomba la plastiki hulainika na kuyeyuka, na likiisha kuyeyuka huacha tundu la ukubwa wake. Kwa mabomba makubwa ya maji machafu ziko pete maalumu zenye kitu kinachovimba kwa joto na kulibana bomba lile linapolainika. Mwulize mhandisi au msimamizi wa jengo habari ya pete hizo.

Tano, tuitunze milango. Mlango mzito wa mbao ngumu ni ngao: mbao kama hiyo huliwa na moto polepole, chini ya milimeta moja kwa dakika. Mlango mwembamba wa plaiwudi ulio mtupu ndani hautoi muda huo. Basi usiung'oe mlango mzito wa kuelekea ngazini ukaweka mwepesi kwa sababu tu unapendeza. Na wakati wa matengenezo, usiruhusu mlango huo uzuiwe kwa tofali mchana kutwa ili mafundi wapite. Mlango uliozuiwa wazi si mlango tena.

Sita, ngazi si ghala. Mifuko ya saruji, mbao, makopo ya rangi na tina visiwekwe ngazini wala katika ukumbi wa kupitia, hata kwa usiku mmoja. Rangi na tina viwekwe nje ya jengo, mbali na jiko.

Saba, kazi ya kuchomelea vyuma ina hatari ya peke yake. Cheche zake huruka zaidi ya mita 10, na hupenya katika matundu yale yale tuliyoyataja. Ondoa vitu vyote vinavyoungua, weka ndoo za mchanga na maji karibu, mtandao wa umeme usiwe karibu na maji hayo. Na kazi ikiisha, mtu abaki akiangalia kwa muda wa saa nzima. Cheche huweza kulala ndani ya vumbi la mbao na kuamka wakati fundi amekwisha fika kwake.

Nane, kama jengo lina kengele za moshi, mara nyingi mafundi huzifunika kwa plastiki ili vumbi lisiziingie. Na wazifunike, lakini kila jioni plastiki hiyo iondolewe.

NONDO MADIRISHANI

Liko jambo jingine linaloambatana na matengenezo ya siku hizi, nalo ni mageti na nondo. Kila mtu anaogopa wezi, na ana haki. Lakini tukumbuke Skuli ya Kyanguli, wilayani Machakos nchini Kenya, ambako mwezi Machi, 2001, wanafunzi 67 walikufa katika bweni lililotiwa moto usiku. Madirisha yalikuwa na nondo, na mmoja wa milango miwili ulikuwa umefungwa. Chuma kile kile kinachomzuia mwizi kuingia humzuia mtoto kutoka. Ukiweka nondo, acha walau dirisha moja katika kila upande linalofunguka kwa ndani, na ufunguo wake ukae mahali ambapo kila aliye nyumbani, mkubwa kwa mdogo, anapajua hata gizani. Na mtu asijenge geti la kufuli katikati ya ukumbi ambao ni njia ya jirani zake.

JARIBIO LA TOCHI

Huenda utauliza: mimi si mhandisi, nitajuaje kama fundi ameziba? Liko jaribio jepesi. Usiku, zima taa za chumba chako. Mwombe jirani wa upande wa pili, au wa chini, amulike tochi mahali bomba au waya ulipopita. Ukiona mwanga, moshi utapita. Kama hakuna mwanga lakini harufu ya chakula chake inakufikia, tafuta zaidi, hasa juu ya dari ya kupachika, ambako mafundi wengi huacha tundu kwa kuwa hapaonekani. Kwa sababu hiyo, kabla dari haijafungwa, panda ngazi utazame kwa macho yako, na upige picha kwa simu uihifadhi.

Aidha, katika mapatano yenu na fundi, sehemu ya mwisho ya ujira wake isitolewe mpaka matundu yote yaliyoandikwa katika daftari yamezibwa na mmeyatazama pamoja. Hii si kumdhulumu. Fundi mwema hufurahi kazi yake ikitazamwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa aishiye ghorofani tunaweza kuongeza kwamba ufa wako mara nyingi haukudhuru wewe. Tundu la jirani wa chini lilikuwa dari yake yeye, na moshi aghalabu hupanda. Ambaye angeumia ni shangazi yangu aliye juu. Naye shangazi akiacha tundu darini mwake, atakayeumia ni yule wa ghorofa inayofuata. Kuziba tundu, basi, ni haki ya jirani kabla ya kuwa faida ya mwenye nyumba. Ndiyo sababu jambo hili halifai kuachiwa fundi peke yake, wala mpangaji mmoja peke yake.

Asubuhi yake niliteremka kumwamkia jirani wa chini. Ni mama mtu mzima mwenye wajukuu watatu, na alipolisikia jambo hili alishika kichwa. Alikuwa hakujua kabisa kwamba darini mwake, juu ya vibao vipya, mna tundu. Alimwita kijana wake ajuaye kazi ya uashi. Ilihitajika karai moja ya saruji na mchanga, kipande cha ubao cha kukinga kwa chini mpaka saruji ikauke, na muda usiozidi saa moja. Tulizitoa karatasi zile, tukajaza tundu mpaka likajaa, na ubao ule ukaondolewa siku iliyofuata. Usiku tulifanya jaribio la tochi. Giza tupu.

Shangazi amenipigia simu juzi. Analalamika kwamba siku hizi hajui tena jirani anapika nini, na inambidi ateremke mwenyewe kuuliza.

Nawe, ndugu msomaji, kabla ya kulala leo, sogeza kabati la vyombo utazame nyuma yake. Tukutane tena Jumapili ijayo, inshallah.